Jibu Hili Si Namba

Kwa baba yangu mtu hakuulizwa ana ng'ombe wangapi, kama vile hakuulizwa amegombana na mkewe mara ngapi. Mgeni aliyeuliza alijibiwa "wapo", akaletewa maziwa. Asipoelewa aliongezewa maziwa, mpaka aelewe au ashibe, na mara nyingi alianza kushiba.

Si kwamba baba alikuwa hajui. Jioni alisimama mlangoni pa zizi, mifugo ikapita mbele yake kwa kusukumana, na kabla wa mwisho hajaingia alikuwa amekwisha kusema, "Yule wa mabaka amebaki bondeni, kamfuateni." Aliwajua kwa rangi, kwa pembe, na kwa mama zao. Namba ndiyo hakuitaja. Alisema ukiwataja kwa namba unamwita mwenye kuja kuchukua. Kwa kuwa alikulia chini ya serikali ya mkoloni, iliyokuwa na desturi ya kuhesabu Jumatatu na kuchukua Jumatano, sidhani kama ni ushirikina tu uliomsemesha.

Mimi nikaenda shule. Mwalimu wa darasa la pili alitufundisha kuhesabu kwa vijiti, nami nikiwa mtoto mwenye bidii isiyoombwa na mtu, nikaenda navyo zizini. Nikasimama juu ya gogo nikaanza kwa sauti: mmoja, wawili, watatu. Baba alikuja, akapokea vile vijiti kwa utaratibu, akachagua kilichokuwa kinene kuliko vyote, na somo la hesabu likaishia hapo. Juma lile lile mtamba mmoja akafa. Baba alinitazama tu wakati wa kumchuna, na mimi nikajua kwamba nimemuua.

Ungedhani nilikoma. Asubuhi ya kuondoka kwenda sekondari, miaka kadhaa baadaye, nikiwa nimebeba sanduku jipya la bati, nilisimama kando ya zizi nikawahesabu tena, safari hii kimoyomoyo, midomo imefungwa. Thelathini na wawili. Nikaondoka na ile namba kama mgeni anayeondoka na kijiko cha mwenyeji mfukoni.

Katikati ya miaka ya themanini nilikuwa karani wa takwimu katika ofisi moja ya mifugo mjini Shinyanga. Takwimu zenyewe zilikuwa makaratasi yaliyofungwa kwa kamba ya katani, ambayo mchwa walikuwa wakiyala kwa mpangilio mzuri kuliko wetu, ya zamani kwanza. Ndipo wafadhili wakatuletea kompyuta. Sabuni ilikuwa haipatikani, sukari ilikwenda kwa kibali, na moja ya magari yetu mawili lilikuwa limekaa juu ya mawe likingoja matairi tangu mvua za mwaka juzi. Lakini kompyuta tulipata.

Ilipewa chumba chake peke yake. Chumba kikapakwa rangi, kikatiwa kiyoyozi, na mlangoni tukaandikiwa tuvue viatu. Mkuu wetu, ambaye sote tulimwita Bwana Mkubwa hata akiwa hayupo, alivua vyake mbele yetu, na hivyo tukajua kwamba soksi zake zina matundu kama zetu. Mle ndani mlikuwa na baridi ya Usambara. Nje wafugaji waliotoka mbali kuleta shida zao walikaa kwenye vumbi wakisubiri, jua likiwapiga utosini, na sisi tukitoka kujinyoosha tuliwaambia wasubiri kidogo, mashine inafikiri.

Mimi ndiye niliyechaguliwa kwenda Dar es Salaam kwa kozi ya majuma sita, kwa sababu nilikuwa kijana na nilijua Kiingereza cha kusomea. Niliandika barua nyumbani kwamba nahitaji nguo ya heshima. Baada ya muda pesa ikaja kwa posta, kama ilivyokuwa ikija tangu niko kidato cha kwanza, nami nikashonesha suti ya mikono mifupi, rangi ya majivu, mifuko minne. Sikuuliza pesa imetoka wapi. Nilidhani wazazi wana mahali wanapochota.

Nilirudi Shinyanga nikiwa mtaalamu. Neno hilo sikulitafuta. Nililikuta limenisubiri stesheni ya treni. Mtaalamu akaandika programu yake ya kwanza maishani, na kazi aliyopewa programu hiyo haikuwa ndogo. Sotoka ilikuwa imezuka, ng'ombe walikuwa wakifa kwa kuharisha na vidonda vya mdomoni, na dawa ya chanjo ilikuwa haitoshi kutapanywa ovyo. Chupa ikishafunguliwa huwezi kuirudisha kwenye barafu. Itumike siku ile ile au imwagwe. Kwa hiyo ilibidi kujua kila kijiji kina ng'ombe wangapi ndipo kipangiwe chupa. Mabwana mifugo wa vijijini walipelekewa fomu wapite boma kwa boma, na programu yangu ingeuliza maswali matatu tu: kijiji, mwenye boma, idadi ya ng'ombe. Ikishajibiwa ingejumlisha, ingegawa, na ingechapa orodha ya chupa.

Aliyekaa mbele ya mashine kuingiza fomu alikuwa mama mmoja mpiga chapa, mtu wa mjini, ambaye baba zake walikuja na biashara kutoka pwani wakapitia Tabora na kuishia kwetu. Alipiga chapa miaka mingi kwa vidole kumi bila kutazama, na kwake karatasi ilikuwa amana: kilichoandikwa ndicho kinachopigwa. Bwana Mkubwa akiandika upuuzi, mama aliupiga chapa upuuzi huo, pambizo zote sawa.

Siku ya kuonyesha mashine akaja mgeni kutoka kwa wafadhili. Tukavua viatu. Mama akachukua fomu ya juu, akaingiza kijiji, akaingiza jina, na mashine ilipouliza idadi ya ng'ombe akapiga kama fomu ilivyosema: WAPO. Mashine ikaandika kwa Kiingereza kwamba aanze upya. Mama, mtu mtiifu, akaanza upya: WAPO. Ikamwambia aanze upya. Wakaendelea hivyo, mashine na mama, hakuna anayemzidi mwenzake subira, mgeni akiwa ameinamisha kichwa kwenye kioo kwa hamu, Bwana Mkubwa akiwa amenikazia macho.

"Mtaalamu," akasema kwa upole, ule upole unaotangulia barua ya uhamisho, "mbona haielewi?"

Nikajifungia chumbani siku tatu. Kosa langu, niliamini, lilikuwa kwamba nimemwachia mtu uhuru wa kujibu anavyotaka. Basi nikaibadili programu ipokee jibu lolote kwanza kama maneno, halafu ilikague herufi moja moja, kama askari wa kizuizi cha mazao anavyokagua gunia kwa kutumbukiza mkono. Wewe ni tarakimu? Pita. Wewe? Pita. Wewe ni nini? Shuka. Ikikuta chochote kisicho kati ya sifuri na tisa ingepiga mlio mkali na kuandika kwa Kiswahili: JIBU HILI SI NAMBA. ANDIKA NAMBA. Nilipoijaribu nikagundua mengi ambayo kozi haikunifundisha. Mama, kwa mfano, alijifunza kazi kwenye mashine ya chapa isiyo na kitufe cha moja, na siku zote aliandika moja kwa kutumia herufi ya L ndogo na sifuri kwa kutumia O kubwa. Kwa macho ya binadamu kumi yake ilikuwa kumi safi. Kompyuta ilimpigia mlio mpaka akafunga mtandio wake vizuri, akidhani amekosa adabu mahali.

Ukitazama kwa makini utaona kwamba kabla yangu mashine ilikuwa ikikataa kwa Kiingereza, na baada yangu ikawa inakataa kwa Kiswahili na kelele juu yake. Nilichofanya ni kutafsiri ukorofi. Lakini ofisini ilionekana muujiza. Bwana Mkubwa alikuja, akavua viatu, akaandika jina lake mwenyewe mahali pa idadi ya ng'ombe. JIBU HILI SI NAMBA. Akacheka mpaka akakohoa. Akaandika cheo chake. JIBU HILI SI NAMBA. Akawaita wahasibu waje waone. Kwa juma zima watu walipita kutukanwa na mashine yangu wakitoka na furaha, na mimi nikatembea ukumbini na suti ya majivu, mikono nyuma. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilikuwa nimekwisha kulitia na nilikuwa nakoroga.

Halafu fomu zikaanza kumiminika, na hapo ndipo ningepaswa kuketi kwenye kiti changu na kutumia akili. Kutoka vijiji vingi zilikuja namba nzuri, zilizonyooka. Boma hili hamsini, boma la jirani hamsini, la tatu hamsini, na ukigeuza ukurasa, hamsini. Bwana mifugo wa huko alikuwa amezijaza akiwa kilabuni, kila mtu alijua, lakini zilikuwa namba. Mashine ilizipokea bila hata kuguna.

Kutoka upande wa magharibi, njia ya Masumbwe, zilikuja fomu za namna nyingine. Bwana mifugo wa kule alikuwa mtu mwaminifu kupita kiasi cha kazi yake. Alikwenda boma kwa boma kwa baiskeli, akauliza, akaandika alichojibiwa: wapo. Wapo kiasi. Mungu amejalia. Wanatosha kunywa maziwa. Boma moja lilikuwa limejibu, "Yeye anao wangapi?"

Mama mpiga chapa alihangaika nazo asubuhi nzima, mlio ukisikika mpaka uani. Mwishowe alikuja na fomu mkononi. Mimi nilikuwa nakunywa chai na mmoja wa wahasibu, nikimweleza Dar es Salaam.

"Mwanangu," akasema, "hii 'wapo' niiandikeje?"

"Andika namba, mama. Mashine haitaki hadithi."

"Namba gani, na hapa hapana namba?"

"Kama hakuna namba, weka sifuri."

Akaigeuza fomu upande wangu. "Lakini mtu amesema wapo. Sifuri si ni kusema hawapo?"

"Mama," nikasema, na mpaka leo nikiikumbuka sauti ile natamani kumchapa aliyeitoa, "sifuri ni namba. Weka sifuri tuendelee."

Akaenda akaweka. Mlio ukakoma, na ofisi nzima ikashukuru. Nataka ieleweke vizuri kwamba nilijua. Hakuna mtu katika jengo lile aliyejua kuliko mimi maana ya "wapo". Nililelewa na neno hilo, nilichapwa kwa ajili yake, na kijiji kilichoandikwa juu ya fomu ile ya magharibi kilikuwa kijiji chetu. Jina la tatu kutoka juu lilikuwa la baba yangu. Sikulisoma. Nilikuwa na chai.

Orodha ilipotoka kwenye mashine ya kuchapia ilikuwa nzuri kuliko karatasi yoyote niliyowahi kuiona: safu zimenyooka, namba zote zimejipanga kulia kama askari. Hakuna aliyeisoma. Karatasi ya mkono ingesomwa, ingebishaniwa, ingepigwa mstari mwekundu, lakini hii ilikuwa imetoka kwenye chumba cha kuvulia viatu. Bwana Mkubwa aliitia saini na kuniambia niende na msafara wa magharibi, nikajionee matunda ya kazi yangu.

Tuliondoka alfajiri katika Land Rover ile moja iliyokuwa na matairi, masanduku ya barafu nyuma, mbele dereva na afisa wa chanjo, mtu mkimya aliyeshika orodha yangu kwenye ubao wa kubania karatasi. Nilivaa suti. Tulipita Kahama, tukaipita njia panda ya Bulyanhulu, ambako vijana walioacha majembe walikuwa wakipita na beleshi begani kwenda kutafuta dhahabu, tukaingia barabara ya Masumbwe. Nilitulia kitini nikawaza jinsi nitakavyomsalimu mzee wangu nikiwa ndani ya gari la serikali.

Kabla ya kijiji chetu dereva akapunguza mwendo, halafu akasimama. Barabara ilikuwa imejaa ng'ombe. Bwana mifugo wa pale alikuwa amewaambia watu siku ya chanjo, nao wakawatoa mifugo kabla ya jua, wakajenga njia nyembamba ya miti kando ya barabara ya kuwapitishia mmoja mmoja, wakangoja. Ng'ombe walijaa kutoka kichaka hiki mpaka kile, wanalia, wanakunya, wanasugua pembe kwenye bampa la Land Rover.

"Hapa ni wapi?" akauliza afisa. Dereva akamtajia. Afisa akapitisha kidole kwenye orodha, akakisimamisha, akakirudisha juu, akakishusha tena.

"Hapa hapana ng'ombe," akasema.

Dereva akatazama nje. Ng'ombe mmoja dume alikuwa akilamba kioo cha upande wake. "Kweli, mkuu," akasema. "Hapana."

Niliomba karatasi. Jina la kijiji, kisha mabomba ya sindano: sifuri, chupa: sifuri. Majina ya wenye maboma yalikuwa pale yote, na mbele ya kila jina sifuri yake, zimejipanga kulia vizuri kabisa. Jina la tatu nililisoma sasa.

Tukashuka. Watu walikuja, na mbele yao baba, amevaa koti lake la mvua ingawa hapakuwa na wingu. Nikainama.

"Mwangaluka, bhabha."

"Mwangaluka," akajibu, akanitazama suti kutoka kola mpaka chini, akaridhika. Ndipo akamgeukia afisa. "Karibuni. Wapo tayari."

Afisa alimweleza kwa heshima. Kwamba orodha inasema kijiji hiki hakina ng'ombe hata mmoja. Kwamba chupa zote nyuma ya gari zina vijiji vyake huko mbele. Kwamba anaona kwa macho yake, lakini amepewa karatasi.

"Nani ameandika kwamba hawapo?" akauliza baba.

Dereva alipata kitu cha kutazama angani.

"Mashine, bhabha," nikasema.

"Mashine ilikuja hapa lini?"

Bwana mifugo, yule mwaminifu, alikuwa amesimama na baiskeli yake akiniangalia. Alijua alichoandika kwenye fomu zake. Angeweza kunitaja pale pale na hakunitaja, na hilo liliniuma kuliko kama angefanya.

Afisa akawaza, akavua kofia, akairudisha. Alikuwa na chupa chache za akiba, akasema, za kufidia zitakazovunjika. Angeweza kuzifungua. Lakini hawezi kurudi Shinyanga akasema amezimwaga kwa mifugo isiyo na idadi. Atahesabiwa ameuza dawa. Kila mwenye boma amtajie idadi yake, aiandike, kisha ng'ombe wapite aone kama zinalingana. Mwenye kutaja atachanjiwa. Asiyetaja, yeye hana la kufanya.

Watu wote wakamtazama baba, kwa sababu ng'ombe wake ndio waliokuwa mbele. Akinyamaza, wote wangenyamaza, na msafara ungepita. Kijiji cha jirani tayari kilikuwa kikichimba mashimo ya kufukia mizoga. Upepo ukigeuka tulisikia harufu. Baba aliangalia ng'ombe, akaangalia ile kalamu ya afisa, na mdomo wake haukufunguka. Niliona taya lake likitembea. Alikuwa mzee, na maisha yake yote hakuwa ameitoa namba ile kinywani, na sasa alitakiwa aitoe barabarani mbele ya dereva, kwa sababu mwanawe alikuwa anakunywa chai.

Nikamwokoa. Ndivyo nilivyofikiri. Nikasogea mbele nikasema kwa sauti, kama niliyesimama tena juu ya lile gogo, "Thelathini na wawili. Ng'ombe wa mzee huyu ni thelathini na wawili."

Watu waliguna. Mama mmoja akafunika mdomo kwa kanga. Baba aligeuza kichwa polepole akanitazama, na sikuona hasira, niliona mshangao, kama mtu aliyekikuta kijiko chake nyumbani kwa mgeni. Afisa akaandika: thelathini na mbili. Akashukuru kwamba angalau yupo mtu msomi.

Wakaanza kupita kwenye njia ya miti. Afisa akipiga sindano, bwana mifugo akipaka alama ya rangi mgongoni, dereva akihesabu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Kumi. Kumi na watano. Kumi na tisa. Halafu njia ikabaki tupu na vumbi likatulia.

"Mtaalamu," akasema afisa, amenyanyua bomba la sindano hewani, "umenitajia thelathini na wawili. Kumi na watatu wako wapi?"

Nilidhani wamekufa. Nilidhani nimechelewa, sotoka imepita kwao, na hawakuniambia. Nikamgeukia baba, na nilipofungua kinywa yeye ndiye aliyesema, kwa Kiswahili, taratibu, ili afisa naye asikie.

"Waliozaliwa wameziba pengo la waliokufa kwa ukame. Hao unaowauliza ni wake huyu." Akaninyooshea mkono, halafu akaanza kuwataja, kwa kidole kimoja kimoja, kwa rangi zao. "Mwekundu mwenye paji jeupe, alikuwa deni la sanduku la bati na blanketi. Yule wa mabaka aliyependa kubaki bondeni, ada ya mwaka wa kwanza. Dada yake, mwaka wa pili. Madume mawili ya kijivu, alipoumwa tumbo akalazwa kwa wamisheni. Mweusi asiye na pembe, nauli za treni." Akaendelea hivyo, bila kusitasita na bila kulaumu, mpaka akafika kwenye kidole cha mwisho. "Na ndama mmoja mweupe, wa juzijuzi tu. Huyo ndiye uliyemvaa."

Nilisimama pale na ndama wangu mwilini, mifuko minne. Nililia, sioni sababu ya kuficha. Dereva, Mungu amrehemu kama amefariki, alikwenda kukagua tairi lisilokuwa na tatizo.

Afisa akauliza sasa aandike nini.

"Andika kumi na tisa," akasema baba. Mara ya kwanza na ya mwisho kumsikia akitaja idadi yao. Halafu akaongeza, "Msomi amekwisha kuita namba kubwa mbele za watu. Mwenye kuja kuchukua akifika ataitafuta hiyo kubwa, hii ndogo hataiona."

Wenye maboma wengine wakaja mmoja mmoja, macho chini, wakamnong'oneza afisa sikioni kama wanaoungama. Chupa za akiba zilitosha kwa shida. Tulipoondoka baba alinipa kibuyu cha maziwa ya mgando kwa ajili ya mama mpiga chapa, kwa kuwa nilikuwa nimemsimulia kwamba ndiye aliyeuliza sifuri si ni kusema hawapo. "Huyo ana akili," akasema. "Mashine mngempa yeye."

Shinyanga nikaongeza mstari katika programu. Mtu akijibu chochote kisicho namba, isipige mlio. Iandike jina lake kwenye orodha ya pili yenye kichwa WAENDEWE WAKAULIZWE. Bwana Mkubwa alipoiona alivua miwani. Kompyuta, akanieleza, haiwezi kusema haijui, wafadhili watasemaje? Niirudishe ilivyokuwa, na mlio wake. Nikawa naiondoa ile orodha ya pili wageni wakija na kuirudisha wakiondoka, mpaka siku umeme ulipokatika na kurudi kwa hasira, ukaiunguza mashine yenyewe, na mchwa wakaendelea na kazi yao kwenye makaratasi.

Lakini asubuhi ile ya kwanza baada ya safari, kabla ya kugusa mstari wowote, nilivua viatu nikakaa mahali pa mama, nikaliita jina la baba. Mashine ikauliza: IDADI YA NG'OMBE? Nikaandika 19. Ikapokea na kuniuliza boma linalofuata. Nikarudi nyuma nikaandika 32. Ikapokea vilevile, kwa adabu ile ile. Nikaandika 0. Ikapokea. Nikairudisha 19 nikaketi mbele ya kioo na baridi ile, nikawataja wale wengine kwa rangi zao, mmoja mmoja kwa kidole, mpaka mama akaja na fomu zake akaniuliza kama naumwa.